Kusafirisha mutoto haiko kumusomesha



Kila mwaka, siku matokeo ya Exetat inatoka, kelele inapanda mu makambi na mu makartier yetu, kuanzia Kipushi mpaka Kolwezi. Batoto banajimwangia puda ku kichwa, bamama banapiga kigelegele, bajirani banakuja kupeana mukono. Magaribi, kisha bageni kurudia kwabo, baba na mama banabakia na ulizo moja: sasa mutoto ataenda wapi?

Zamani jibu ilikuwa fupi: UNILU. Kwa batoto mingi ingali jibu muzuri, na hatuandike hapa juu ya kuiharibia jina. Lakini leo, mu nyumba mingi ya batumikaji ya mine, jibu yenye tunasikia ni Johannesburg. Tunajua juu ya nini. Ni muji yenye ilizaliwa mu mine sawa vile miji yetu: ilianza mwaka 1886, wakati balivumbula zahabu ya Witwatersrand. Inivesite yake kubwa, Wits, ilitoka mu shule ya mine yenye ilianza Kimberley mwaka 1896, ikahamia Johannesburg mwaka 1904, ikakuwa inivesite mwaka 1922. Mutumikaji mwenye amepitisha miaka 20 chini ya udongo anajisemea: mutoto wangu naye aingie mu mine, lakini aingie enjenyeri.

Ile nia ni ya heshima. Tunataka kusema juu ya namna tunaifanya. Kwa miaka tunatafuta feza ya kuondoka, na tunasahau kutafuta feza na akili ya kufika. Tunauzisha kiwanja, tunakamata zamu yetu ya likelemba, tunaomba deni ku kazi, na yote inaishia ku pasporti, viza, basi na chakula ya siku ya kuaga. Mutoto anafika Park Station na valizi mbili. Sisi benye tulibakia tunapumua, tunaona kazi imeisha. Kumbe kazi njo inaanza.

Ku biro yetu ya sendika, bazazi banafikaka kulilia juu ya mutoto mwenye iko inje. Karibu hakuna mwenye anasema: "Mutoto wangu alishindwa hesabu." Banasema: "Balimufukuza mu nyumba." "Viza iliisha." "Anatumika usiku, haende tena ku masomo." "Hashike tena simu." Haiko masomo yenye iliangusha hawa batoto. Baliangukia ku kizingiti, mbele ya kuingia mu nyumba.

Bankambo yetu balijua hii mambo

Mu familia mingi ya hapa, kuko nkambo mwenye alifika mugeni. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, mukuba ya kwanza ikatoka mwaka 1911. Kazi ilikuwa mingi, batu kidogo. Kampani ikaleta banaume kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, mpaka Ruanda-Urundi. Ku mwanzo ilibaleta sawa vile vyombo: peke yabo, kwa miezi kidogo, mu nyumba mubaya. Mingi balikufa na magonjwa, mingi balikimbia. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, kampani ilibadilisha mupango: mikataba ya miaka 3, bibi aruhusiwe kuja, nyumba, posho, hospitali, shule ya batoto.

Haikufanya vile juu ya roho muzuri. Ilifanya hesabu, ikaona: mutu mwenye unaleta bila kumupokea, unamupoteza, na feza yenye ulitosha juu ya kumuleta inapotea na yee. Kampani ya kikoloni ilielewa ile kintu juu ya faida yake. Sisi tutashindwa kuielewa juu ya batoto yetu wenyewe?

Mikanda inaanza mbele ya diplome

Hapa Kongo mwaka ya masomo inaanza mwezi wa 9. Afrika ya Kusini inaanza mwezi wa 2 na kuisha mwezi wa 11. Kule, inivesite inafunga kupokea maombi miezi mingi mbele ya masomo kuanza. Mwenye anangoja matokeo ya Exetat itoke njo aanze kuuliza, amekwisha kuchelewa. Mutoto aanze kutafuta mikanda wakati angali mu mwaka ya mwisho ya sekondari.

Diplome yetu imeandikwa mu Kifaransa. Inaomba itafsiriwe mu Kiingereza na mutafsiri mwenye kiapo. Afrika ya Kusini iko na ofisi, SAQA, yenye inapima diplome ya inje. Ile yote inakula feza na inakula miezi. Mama, kama unaandika budjeti mu kaye, usisahau ile mustari.

Kisha inakuja viza. Mutoto anapaswa kupata viza ya masomo mbele ya kuvuka mupaka. Usisikilize mutu mwenye anasema: "Aingie na viza ya kutembea, atabadilisha kule." Banaomba barua ya inivesite, ushuhuda ya feza, na bima ya matunzo ya Afrika ya Kusini. Kama viza inakaribia kuisha, mutoto anapaswa kuomba ingine siku 60 mbele, hapana juma moja. Mwenye anapitisha zaidi ya siku 30 kisha viza yake kuisha, anaweza kufungiwa mulango ya ile inchi kwa miaka 5. Miaka 5, bandugu! Mutoto anasahau tarehe moja, na kiwanja yenye uliuzisha imekwenda bure.

Tena kuko ile neno yenye tunasikia mu makartier yote: "Aende tu, atajilipia kule." Sheria inaruhusu mwanafunzi wa inje kutumika masaa 20 kwa juma, hapana zaidi. Tufanye hesabu sawa vile tunahesabu karatasi ya mushahara: masaa 20 ya kazi ndogo haiwezi kulipa inivesite, nyumba, chakula na bima. Mutoto mwenye tunatuma na ile neno, tunamutuma kuvunja sheria. Atatumika usiku mu restora ao kulinda magari, asubui atalala mu auditoire, mwisho ya mwaka ataanguka. Na kama mukubwa wa kazi anakataa kumulipa, atamushitaki kwa nani?

Mwezi ya kwanza inakula mwaka

Basi inatoka Lubumbashi, inavuka Kasumbalesa, Lusaka, Chirundu, Harare, Beitbridge. Mutoto anashuka na uchovu ya siku mingi. Karibu na gare, banaangalia mutu mwenye anaangalia juu na mwenye anatosha simu mu mufuko. Mutu anayejulikana amungojee pale ku gare. Afike muchana. Feza isikae mu mufuko moja. Aandike adresi ku karatasi, juu batiri inaweza kuisha.

Nyumba njo jiwe kubwa. Kule, mwenye nyumba anaomba feza ya mwezi na garanti mbele ya kutoa funguo. Matapeli banatia picha ya chumba muzuri, banaomba feza itumwe mbele, kisha banapotea. Kwa hiyo tusitume hata franga moja juu ya chumba yenye hakuna mutu wetu mwenye aliingia ndani. Inivesite zinakuwaka na liste ya nyumba ya banafunzi yenye zilikubali; muombe ile liste mu barua ileile yenye munaandikia inivesite. Na muulize bei ya mwanafunzi wa SADC. Kongo iko mu SADC toka mwaka 1997, na kuko inivesite yenye haihesabu mutoto wa SADC sawa vile mutoto wa mbali.

Mingi kati ya batoto yetu banafikia Yeoville, kule Bakongomani balijenga soko yabo, makanisa yabo na maduka yabo. Ni neema. Mutoto anapata sombe, anasikia Kiswahili na Lingala, siku ya Mungu anaimba na batu yake. Wits iko Braamfontein, haiko mbali sana. Lakini kuko hatari mu ile neema. Chumba moja inakatwa na mapazia, batu sita banalala ndani, redio haifungwe, hakuna meza ya kusomea. Tena mwenye anapitisha siku yote mu Kifaransa na Kiswahili, Kiingereza haimuingie. Mwezi wa 6 ekzamen inafika, anaelewa hesabu, haelewe ulizo.

Kwa hiyo ile miezi kati ya diplome yetu na mwezi wa 2 isipite bure. Ni miezi ya Kiingereza. Mutoto asome kila siku, aandike, asikilize radio. Akifika, ajifunze na salamu ya benyeji: "sawubona" ya Bazulu, "dumela" ya Basotho. Mu taksi ya kule, ile tunaitaka hapa minibusi, mutu anayeenda katikati ya muji anainua kidole moja juu, na feza inapita mukono kwa mukono kutoka nyuma mpaka kwa shofere. Ni bintu ndogo. Lakini mugeni mwenye anajua bintu ndogo haonekane haraka kuwa mugeni. Pap ya kule ni ndugu wa bukari, tumbo haitamusumbua. Baridi ya mwezi wa 7 njo itamusumbua: muji iko juu sana, karibu metre 1.700, na nyumba mingi haina moto ya kupasha. Muwekee blanketi mu valizi kuliko viatu ya kujionyesha.

Juu ya woga

Hatuwezi kunyamaza juu ya chuki ya bageni. Mwezi wa 5 mwaka 2008 fujo ilianza Alexandra, ikasambaa mu miji, batu 62 bakakufa. Ilirudia mwaka 2015 na mwaka 2019. Mutoto wako atasikia siku moja neno "kwerekwere" mu njia. Tumuambie mbele ya aende, asije kushangaa peke yake. Na tumuambie namna ya kufanya: asibishane mu njia, siku ya fujo asitoke, namba ya biro ya bageni ya inivesite iwe mu simu yake na ku karatasi.

Lakini sisi bana sendika tunaongeza neno moja. Mutumikaji wa Afrika ya Kusini haiko adui yetu. Tarehe 16 mwezi wa 8 mwaka 2012, kule Marikana, polisi iliua batumikaji 34 ya mine benye baliomba mushahara. Bale ni bandugu yetu. Na mwezi wa 10 mwaka 2015 banafunzi ya Wits balisimama kukataa bei ya masomo kupanda na asilimia 10,5. Fujo ikaenea mu inchi yote, Serikali ikakubali bei isipande mwaka 2016. Mutoto wa mutumikaji wa Soweto naye anakosa feza ya inivesite. Mutoto wako akijua hii, atapata marafiki ku benchi ya auditoire, hapana paka ku kanisa ya Bakongomani. Na rafiki mwenyeji mumoja anakusaidia kutafuta nyumba kuliko baba mukubwa kumi benye biko Lubumbashi.

Simu ya siku ya Mungu

Sasa tujiangalie sisi bazazi. Mutoto hajamaliza miezi tatu, simu inaanza: "Tuma telefone kwa mudogo wako." "Shangazi iko mugonjwa, fanya kintu." "Mutoto wa jirani alijenga, wewe unafanya nini?" Mutoto hana hata feza ya basi. Anaona haya. Anaanza kudanganya: masomo iko muzuri, nyumba iko muzuri. Anapiga picha mbele ya gari ya batu, sisi tunaonyesha ile picha ku kartier. Uongo inakomaa pande zote mbili. Siku ukweli inatoka, viza ilikwisha kuisha zamani.

Mutoto wa kike anabeba zaidi. Akikosa nyumba, kuko banaume benye banamuletea "musaada" yenye haiko musaada. Kama hawezi kutuambia ukweli juu ya woga ya kupigiwa kelele, sisi njo tunamusukuma kule.

Kila mwezi, mbele ya kuomba kintu, tumuulize maulizo tatu: Viza yako inaisha tarehe gani? Nyumba imelipwa mpaka lini? Masomo gani inakushinda? Na akijibu mubaya, tusipige kelele. Tukae, tuhesabu naye. Na kama hesabu inakataa kabisa, kurudia UNILU haiko haya. Mwenye anarudia na pasporti safi anaweza kwenda tena siku ingine. Mwenye anajificha mu Hillbrow bila mikanda hawezi kwenda wala kurudia.

Kintu tunaomba

Kwanza, ku familia. Tugawanye feza mara mbili mbele ya kununua tiketi. Kama feza yote yenye muko nayo inaishia ku siku ya kufika, mutoto asipande basi mwaka huu. Awe na miezi 6 ya nyumba na chakula, yenye hakuna mutu anaigusa, hata kwa kilio. Tunakumbuka mwaka 2003, wakati batumikaji zaidi ya 10.000 ya Gécamines balitoka na ile mupango ya kuondoka kwa mapenzi. Mingi balipata feza mara moja, na mingi baliiona inaisha haraka, batoto bakakatikia mu masomo. Ile somo ililipwa bei kali, tusiilipe tena.

Pili, ku Bakongomani ya kule. Bandugu, mupokee mutoto kwa juma mbili, mumuonyeshe njia, banki, hospitali, kisha mumusaidie kutoka. Musimufanye mutumishi wa nyumba juu ya deni ya godoro.

Tatu, ku bakubwa ya kampani. Prime ya masomo yenye inalipwa mwezi wa 9 inafaa kalenda ya Kongo. Kwa mutumikaji mwenye analeta barua ya inivesite ya inchi yenye inaanza mwezi wa 2, tunaomba ilipwe mwezi wa 12. Hatuombe franga ya kuongeza, tunaomba tarehe. Neno hii iingie mu maongezi ya mapatano ya kazi, na badelege baandike na kuilinda.

Ine, kwetu wenyewe mu sendika. Mutu akikufa mu kartier, masaa mbili haipite, karatasi ya muchango inaanza kutembea, na hakuna mwenye anakataa. Tunajua kuchangia maiti. Tuchangie na bazima. Tunapendekeza kasha ndogo, kasha ya kufika: franga kidogo kwa mwezi kwa kila mutumikaji mwenye anataka, yenye inalipa garanti ya nyumba ya mutoto, na yee anaanza kuirudisha akipata kazi. Hesabu isomwe mbele ya batu bote kila miezi 3, juu kasha yenye haisomwe inakufa.

Mu mukutano ya badelege yenye inakuja, kila mumoja alete jina ya batoto ya sehemu yake benye biko inje ao benye banajitayarisha, na tarehe ya viza ya kila mumoja. Tuanze na ile liste. Mwezi wa 2 haiko mbali.